Zungusha tairi moja, litazame la pili

Fundi aliinua nyuma ya gari, akalikalisha kwenye stendi, akaweka gia huru, akaachia hendibreki. Kisha akashika tairi la kulia akalizungusha polepole. La kushoto nalo likazunguka, upande uleule.

"Mdogo wangu, hii difu ni LSD, ya kuzuia tairi moja lisizunguke bure," alimwambia mwenye gari. "Ingekuwa ya kawaida, lile lingezunguka kinyume."

Kijana alikuwa amelipata gari hilo likitokea Japani, akalileta gereji hii ya Ilala kwa sababu lilikuwa likigonga kila anapokata kona ya kuegesha. Alikoanzia aliambiwa difu imekufa, atafute nyingine.

Difu ya kawaida ina kazi yake. Kwenye kona tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na lazima kila moja liende mwendo wake. Tatizo ni namna inavyogawa nguvu. Wengi husema huzipeleka zote kwenye tairi linaloteleza. Sivyo. Hugawa msokoto sawa kwa sawa, na balaa ndiyo hiyo: tairi lililo kwenye tope likishindwa kupokea zaidi ya kidogo, na lenzake lililo pakavu huambulia kidogo hichohicho.

Kwenye mashindano hata tope halihitajiki. Gari likikata kona kwa kasi, uzito hulalia nje, tairi la ndani linabaki jepesi na kuzunguka bure. Auto Union za Ujerumani za miaka ya 1930, zenye injini ya silinda 16 nyuma ya dereva, zilikuwa na nguvu kiasi kwamba tairi moja la nyuma liliweza kuteleza hata gari likikaribia kilomita 160 kwa saa. Ferdinand Porsche, aliyelisanifu gari hilo, aliipa kampuni ya ZF kazi ya kutengeneza difu ya kuzuia hali hiyo mwaka 1935.

Aina iliyokuwa ikigonga Ilala hutumia pleti za klachi. Dereva akikanyaga mafuta, pini za ndani hupanda miteremko iliyochongwa kwenye vyuma viwili, vyuma vinatanuka, pleti zinabanwa, na matairi mawili yanakaribia kuwa kitu kimoja. Ndiyo inayopendwa na watu wa mbio, kwa sababu pembe za miteremko hiyo unaweza kuzibadilisha upendavyo. Ila pleti huisha.

Kwa gari la kwendea kazini mimi ningechukua LSD ya aina ya Torsen, aliyoipatia hataza Mmarekani Vernon Gleasman mwaka 1958. Haina pleti, meno ya mshazari hukabana yenyewe, na tairi lenye mshiko hupewa, tuseme, mara tatu ya lile linaloteleza. (Kipimo cha fundi cha kuzungusha kwa mkono kinaweza kukudanganya hapa.) Lakini tairi likining'inia hewani, tatu mara sifuri ni sifuri. Ndiyo maana madereva wa Humvee za jeshi la Marekani, zenye difu za aina hii, hufundishwa kukanyaga breki kidogo huku wakiongeza mafuta: tairi lililo hewani lipate upinzani, na lenzake lipate cha kuzidishiwa. Magari mengi ya siku hizi hayana LSD ya aina yoyote, kompyuta ndiyo hubana breki ya tairi linaloteleza. Mvua ikinyesha, inatosha. Ukizunguka nalo uwanja wa mbio nusu saa, breki zitachemka.

Fundi alimwaga oili. Ilitoka nyeusi, nyepesi. Aliyeiweka alitumia oili ya difu ya kawaida, isiyo na dawa ya kuzifanya pleti ziteleze badala ya kushikana na kuachiana kwa kishindo. Akajaza inayofaa, akamtaka kijana alizungushe gari uani taratibu, akichora namba nane, ili oili ipenye katikati ya pleti.

Mzunguko wa kwanza likagonga. Wa pili likagonga. Kufika wa sita au wa saba, tulikuwa tunasikia kokoto tu chini ya matairi.