Nailoni na Kisichokuwa Nailoni: Ufafanuzi wa Kikemia wa Jina Moja katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, neno nailoni hutumika kutajia vitu vingi: uzi wa nyavu za wavuvi wa Mto Kagera, mfuko wa kubebea bidhaa, karatasi laini ya kufunikia mazao, na kiriba cha kuoteshea mche wa kahawa. Kikemia, ni kitu cha kwanza tu katika orodha hiyo ambacho kwa kawaida huwa nailoni. Vilivyosalia kwa kawaida ni polithini. Makala hii inafafanua namna nailoni inavyotengenezwa, kisha inaonesha kwa nini tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya kila siku.

2.0 Kiungo cha amidi

Nailoni ni jina la jumla la aina za poliamidi zinazotengenezwa viwandani. Poliamidi ni molekuli ndefu mfano wa mnyororo, ambayo vipande vyake vimeshikanishwa kwa kiungo cha amidi. Ndani ya kiungo hicho, atomi ya kaboni imeshikana na oksijeni na pia na naitrojeni. Haidrojeni iliyoshikwa na naitrojeni ya mnyororo mmoja huvutwa na oksijeni ya mnyororo wa jirani. Mvutano huo ni sababu kubwa ya uimara wa uzi wa nailoni. Viungo vya aina hiyo vimo pia katika hariri na sufu. Polithini, kwa upande wake, imeundwa kwa kaboni na haidrojeni pekee.

3.0 Michakato mitatu

Mchakato wa kwanza ni wa kuunganisha malighafi mbili. Tarehe 28 Februari 1935, kundi la Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont nchini Marekani lilipata nailoni 6,6. Malighafi zake ni asidi ya adipiki na heksamethilinidiamini, kila moja ikiwa na atomi 6 za kaboni, na ndiko zilikotoka tarakimu za jina hilo. Malighafi hizo hufanywa kwanza kuwa chumvi ndani ya maji ili ziwe na uwiano sawa. Moja ikizidi, minyororo hubaki mifupi na uzi huwa dhaifu. Chumvi hiyo hupashwa joto hadi takribani nyuzi 270 za sentigredi. Kila kiungo kinapofungwa, molekuli 1 ya maji hutoka, nayo huondolewa ili minyororo iendelee kurefuka. Hatimaye nailoni iliyoyeyuka husukumwa kupitia matundu madogo, hupozwa ikawa uzi, kisha uzi huo huvutwa ili minyororo ijipange kuelekea upande mmoja.

Mchakato wa pili ni wa kufungua pete. Mwaka 1938, Paul Schlack wa kampuni ya IG Farben nchini Ujerumani alitengeneza nailoni 6 kutokana na malighafi moja, kaprolaktamu, ambayo molekuli yake ina umbo la pete. Maji kidogo na joto la takribani nyuzi 250 huifungua pete hiyo, na pete zilizofunguka huungana. Nailoni 6 huyeyuka kwenye takribani nyuzi 220, ilhali nailoni 6,6 huyeyuka kwenye takribani nyuzi 260.

Mchakato wa tatu huanzia shambani. Mbegu za mbarika, mmea uitwao pia mnyonyo na wenye asili ya Afrika Mashariki, hutoa mafuta yenye asidi ya risinoleiki. Mafuta hayo huchanganywa na methanoli, kisha hupasuliwa kwa joto kali. Baada ya hatua nyingine za kikemia, hupatikana asidi ya amino yenye kaboni 11, ambayo huunganishwa kuwa nailoni 11. Aina hii hutumika katika mabomba ya mafuta na ya breki za magari.

4.0 Uzito wa tofauti hiyo

Kwanza, tofauti hiyo inagusa uelewa wa sheria. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo havikuhusishwa. Tangazo likifupishwa kuwa "nailoni zimekatazwa", mwenye kitalu cha kahawa anaweza kuhofia viriba vyake bila sababu.

Pili, inagusa afya. Kwa kuwa nailoni ina naitrojeni, kuichoma kunaweza kutoa sianidi ya haidrojeni, gesi yenye sumu kali. Moshi wa polithini pia una madhara, lakini polithini yenyewe haina naitrojeni ya kuzalisha gesi hiyo. Anayeteketeza nyavu kuukuu kwa kudhani ni sawa na mifuko amepotoshwa na jina.

Tatu, inagusa ufundishaji. Kipande cha polithini huelea majini, ilhali uzi wa nailoni usio na viputo vya hewa huzama, kwa kuwa uzito wake ni takribani gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo. Jaribio hili lina mpaka: polista nayo huzama. Hivyo, kipande kikiwa hakina viputo vya hewa, kuelea huthibitisha kuwa si nailoni, bali kuzama pekee hakuthibitishi kuwa ni nailoni.

5.0 Hitimisho

Matumizi mapana ya neno nailoni sokoni si kosa la wasemaji, kwani maana za maneno hupanuka. Hata hivyo, katika vitabu vya shule, matangazo ya serikali na maelekezo ya usalama, inafaa nailoni ibaki kuwa jina la poliamidi, na mifuko pamoja na viriba viitwe vya polithini.