Kweli au Si Kweli: Yasemwayo Kuhusu Milima Inayoizunguka Kiptere

Kiptere iko katika eneobunge la Sigowet/Soin, kaunti ya Kericho, pale ambapo nchi ya juu ya chai inaanza kuteremka kuelekea Sondu na Ziwa Victoria. Mahali kama hapa hapakosi masimulizi ya milima. Mengine ni ya wazee, mengine yaliletwa na wageni, na mengine yamebadilika njiani kwa kupokezanwa. Tumechagua sita tuyapime. Lengo si kubishana na wazee, bali kuwatendea haki, kwa kuwa mara nyingi anayepotosha ni yule aliyewanukuu.

1. “Kericho ni chai tu, haina mlima wa kutajwa.”

Si kweli. Picha za matangazo zimetuzoesha kuona mashamba ya kijani kibichi tu, tukasahau kinachoyabeba. Kaskazini kuna Tinderet, mashariki Mau na mlima wa Londiani, na upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi bonde la Nyando na ziwa, ambalo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Tinderet na Londiani ni volkeno zilizokufa zamani sana, kwa hiyo anayeogopa kwamba siku moja zitalipuka na alale salama. Chai yenyewe imeota juu ya udongo uliotokana na miamba ya lava. Huko Fort Ternan, ndani ya kaunti hii hii, majivu ya volkeno yalihifadhi mifupa ya wanyama walioishi miaka milioni 14 hivi iliyopita. Ni kutokana na mabaki ya hapo kwamba mtafiti Louis Leakey alimtangaza kiumbe wa jamii ya nyani aitwaye Kenyapithecus wickeri, mwaka 1962.

2. “Wazee wa Kipsigis waliabudu milima.”

Si kweli. Waliyemwomba ni Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake. Ibada ya pamoja, kapkoros, ilifanyika mahali palipoinuka na peupe, na nyumbani palikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi iliyosimikwa upande wa mashariki, jua linakochomoza. Mlima ulikuwa mahali pa kuombea, wala haukuwa mwenye kuombwa. Mgeni aliyeona watu wakipanda kilima kwa ibada angeweza kudhani wanakisujudia. Jina la Kapkoros limebaki hadi leo katika maeneo ya Bomet, na linastahili kuelezwa kwa watoto kwa maana yake halisi.

3. “Wakipsigis wote walishuka kutoka Mlima Elgon.”

Kweli nusu. Masimulizi ya Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, yanaitaja Tulwop Kony, yaani Elgon, mlima wa mita 4,321, kuwa kituo kikubwa katika safari ya mababu kutoka kaskazini. Hilo si la kupuuzwa. Lakini neno “wote” ndilo lenye kasoro. Mwanahistoria Henry Mwanzi, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya historia ya Wakipsigis, alionyesha kuwa jamii hii ilijengeka kwa kuunganika kwa makundi mbalimbali, wakiwemo watu wenye asili ya Kiogiek, Kimaasai na Kigusii. Wazee wanaojua koo zao wanalikubali hili bila taabu: ukiwauliza habari za ukoo mmoja mmoja, utasikia huu ulitoka msituni, ule ulitoka kwa majirani, wakapokelewa wakawa ndugu. Hadithi ya mlima mmoja inavutia, lakini hadithi ya ukarimu ni kubwa kuliko hiyo.

4. “Msituni kuna dubu aitwaye Chemosit.”

Si kweli. Chemosit wa masimulizi ni zimwi. A. C. Hollis, aliyeandika juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, mwaka 1909, alielezwa kuwa ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Kazi yake ilikuwa kuwazuia watoto wasizurure gizani. Walowezi na maafisa wa kikoloni ndio waliolichanganya zimwi hili na habari za mnyama wa ajabu, wakamwita dubu wa Nandi, na magazeti ya Ulaya yakamshangilia. Hakuna dubu wa porini Afrika Mashariki, na wengi wanaamini kuwa aliyeonekana usiku alikuwa fisi madoa. Chemosit abaki alipo, kwenye hadithi za jioni na kwenye jina la mto Chemosit.

5. “Kuchuma chai huleta mvua ya mawe.”

Hili wengi hulicheka, na hapo ndipo wanapokosea. Kwanza tuanze na lisilobishaniwa: ukanda wa Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Takwimu inayotajwa sana ni siku 132 kwa mwaka. Chanzo kikuu ni ziwa na milima. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani na kupanda miteremko hii, kisha hukutana na upepo wa mashariki karibu na Mau. Hewa hupaa kwa nguvu, mawingu hurundikana, na alasiri ngurumo huanza. Kwa kuwa nchi iko juu, mawe hufika chini kabla hayajayeyuka.

Na chai je? Mwaka 1982 mwanasayansi Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa chembechembe za majani makavu ya chai ya Kenya zinaweza kuwa kiini ambacho barafu hujijengea. Wachumaji wanapopita mashambani huzitikisa, na upepo huzipandisha. Hukumu ni hii: chai haileti mawingu, ila inaweza kuyasaidia kugandisha mawe. Wakalenjin walimtaja Ilat, mwenye ngurumo na mvua. Sayansi imeeleza njia ya mvua hiyo, wala haijaifanya isistahili heshima.

6. “Msitu wa mlimani ukiisha, mto nao unaisha.”

Kweli, na ndilo jambo kubwa kuliko yote sita. Maji ya mito Itare na Kiptiget hutoka msitu wa Mau yakaingia mto Sondu, unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, megawati 60, na Sang'oro, megawati 21, kabla ya kufika ziwani. Msitu hunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukikatwa, maji hushuka yote kwa pamoja na udongo wetu ndani yake. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwenye hadhi ya msitu, na jeraha hilo halijapona.

Basi ndugu msomaji, kama una babu au bibi upande wa Sigowet, Belgut au Bureti, mwulize majina ya vilima vya kwao na sababu ya kila jina, uandike kama alivyosema bila kuongeza chumvi. Kisha panda mti wa kienyeji kando ya mto ulio karibu nawe.