Dawa ya Malaria: Ni Saa Nane Gani?

Nikiwa daktari mchanga hapa Malindi nilimwandikia mtoto vidonge vya malaria. Nikamweleza mamake kirefu jinsi vijidudu vinavyojificha kwenye ini kabla ya kuingia damuni. Mwisho nikasema, "Mpe kidonge sasa, cha pili baada ya saa nane." Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama akampa cha pili saa nane ilipopita, mchana ule ule. Mimi nilikusudia muda wa saa nane, yaani saa kumi na mbili jioni! Mtoto akakitapika, na la kufanya akitapika sikuwa nimelisema. Usiku homa ikapanda.

Asubuhi nyanya yake alimrudisha. Hakunigombeza. "Mwanangu, ungesema Magharibi tungekuelewa."

Tangu siku hiyo nasema Magharibi. Basi nawe sikiliza. Mtoto apimwe damu kwanza, kwani si kila homa ni malaria. Ikiwa ni malaria isiyo kali, atapewa AL, dawa ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004. Ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza papo hapo, ya pili muda wa saa nane ukipita, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mpe baada ya chakula au maziwa. Kwa mtoto mdogo, kiyeyushe kidonge kwenye kijiko cha maji. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, rudia dozi, kisha urudi kliniki uongezewe vidonge. Homa ikishuka siku ya pili, usimwekee akiba ndugu yake. Maliza.

Wenye maduka wa Kilifi wanalijua somo hili. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI waliwafunza kuuza klorokwini ya kutosha na kumweleza mnunuzi namna ya kuitumia. Kabla ya mafunzo, watoto wenye homa waliopata dozi kamili hawakufika 4 kwa kila 100. Baadaye hawakupungua 65. (Klorokwini yenyewe ilishindwa na malaria yetu, usiitafute.)

Na ukiambiwa mtoto ana nyuni, usibishane juu ya jina. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala dawa kinywani, mkimbize hospitali. Hata degedege likitulia njiani, usigeuze safari.