Tumbo si "stomach" tu

Swali la ufaafu wa anwani ya "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed, liliwapotezea watahiniwa alama kwa sababu moja ndogo. Waliligeuza tumbo kuwa "stomach" kichwani, kisha wakaijibu tafsiri. Neno hilo la Kiingereza hutaja hasa mfuko unaopokea chakula kilichomezwa. Likiwa kitenzi, huwa ni kustahimili jambo linalochukiza. Ulafi haumo.

Tumbo letu ni pana zaidi. Ndugu wa tumbo moja wamezaliwa na mama mmoja. Aliye tumbo joto ana wasiwasi. Mchumia tumbo naye hujali maslahi yake tu, na huyu ndiye anayetufikisha kwenye hadithi.

Jitu linapomaliza chakula chote mkahawani kwa Mzee Mago, aliyekwama kwenye "stomach" aliandika kwamba linapenda kula, akanyamaza. Hiyo ni hoja, lakini changa mno. Jitu linaahidi kurudi kesho kula zaidi. Kesho yake vibanda vya Madongoporomoka vinabomolewa. Chakula kilichokusudiwa ni ardhi. Kula ardhi ya watu, huku Kisauni kwenye maskwota wengi, hakuhitaji kamusi.

Basi andika hivi: tumbo ni tamaa ya wenye nacho; haishibi kwa kuwa wana majumba na bado wanataka kitongoji cha maskini. Thibitisha kwa jitu, kwa ubomoaji, na kwa Mzee Mago anayewahimiza wenzake kutetea haki yao.