Mke wa Robanda na Mtihani wa Uraia Usio na Kitabu

KIJIJI cha Robanda, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kipo jirani na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Magari ya watalii hupita hapo, na kila mtalii aliyemo ana pasipoti iliyogongwa muhuri na tarehe ya kuondoka. Mgeni huyo wa siku tatu ana karatasi zake kamili. Lakini katika nyumba iliyo kando ya barabara hiyo hiyo anaweza kuwapo mama aliyeolewa kutoka Kenya, akazaa, akalea na kupata wajukuu, pasipo kuwa na hata karatasi moja inayosema kuwa yeye ni wa hapa.

Jambo hili halimstaajabishi anayeufahamu Mkoa wa Mara. Mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwaacha Wakurya wakiwa pande mbili, nao hawakuacha kuposana. Bwana harusi wa Tarime au Serengeti huvuka Sirari kwenda Isebania, na wapo wasiopita kituoni kabisa bali hufuata njia za panya. Walii yupo, mashahidi wapo, mahari imetajwa, nikaha imefungwa. Nani siku hiyo atauliza habari za uraia?

Wenye jamaa ughaibuni wanajua kuwa huko uraia una mtihani wa kukaa na kuusoma. Uingereza mwombaji hukabiliwa na maswali 24 kwa dakika 45, na hana budi kupata 18. Marekani, kwa walioomba tangu Oktoba 20, 2025, orodha ina maswali 128. Mwombaji huulizwa yasiyozidi 20 na hufaulu akipata 12. Mzee wa Kisomali aliyepelekwa huko hukariri majina ya marais usiku kucha, na wanawe humsikiliza.

Kwetu Tanzania hakuna kijitabu cha namna hiyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba tajinisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe na mchango kwa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Huo ndio mtihani wenyewe, na mtu haufanyi kwa dakika 45. Anaufanya kwa miaka, kila anapohuisha kibali chake au anapopuuza kukihuisha.

Mke wa raia amefunguliwa mlango mwepesi zaidi. Kwa mujibu wa kifungu cha 11 cha sheria hiyo, mwanamke aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote, maadamu mumewe yu hai. Tafadhali msomaji, yasome tena maneno hayo ya mwisho. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mlango ule umefungwa, na mjane anarudi kwenye foleni ya wageni wote, akihesabiwa miaka na kuulizwa vibali ambavyo pengine hakuwahi kuwa navyo.

Hapo ndipo penye msiba juu ya msiba. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nisaa, aya ya 12, imemwekea mjane thumuni ya mali ya mumewe aliyeacha watoto. Hiyo ni haki yake, awe raia asiwe raia. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Basi fungu la mama katika shamba litaandikwa kwa jina la nani? Kwa kawaida huishia kwa jina la mtoto wa kiume au shemeji, na mama akabaki kutegemea huruma yao. Mimi nasema huruma ni jambo jema, ila haki ni bora kuliko huruma.

Maandalizi yanaanza na cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi nikaha kwa sababu tu haikusajiliwa, lakini ofisa wa Uhamiaji hawezi kuwaita mashahidi waliokwisha kufa. Imamu mwenye leseni ya kufungisha ndoa hutoa cheti, na kumbukumbu hufikishwa RITA. Sisi ambao Surat Al-Baqara, aya ya 282, imetuamuru kuandika hata deni, tumekuwa wazembe mno katika kuandika ndoa.

La pili ni ukweli. Aliyeingia kwa njia ya panya hushawishika kuandika kuwa amezaliwa Tarime. Huo ni ushahidi wa uongo, na kuutoa kwa ajili ya nafsi yako hakuupunguzii uzito. Isitoshe, uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa. Ni afadhali kwenda Uhamiaji na kueleza hali ilivyo, kuliko kuwajengea wajukuu nyumba juu ya mchanga.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo mwombaji anatakiwa kuukana uraia wake wa awali. Naam, kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya huko isipokuwa kwa upangaji usiozidi miaka 99. Anayeomba uraia ili alinde thumuni yake Robanda anagusa pia fungu lake katika shamba la baba yake upande wa pili. Jambo hilo lataka mume, mke na kaka zake wakae kikao kimoja, na lataka kufanywa kabla fomu haijachukuliwa.

Na mwanamume wa Isebania aliyemuoa binti wa Robanda je? Huyo kifungu cha 11 hakimhusu, ijapokuwa nikaha yake ni ile ile. Atahesabiwa miaka yake kama mgeni mwingine yeyote, na mkewe amsaidie kutunza vibali.