Zana za Kufundishia Historia katika Shule za Msingi: Mfano wa Kilembwe, Wilaya ya Fizi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili suala la zana za kufundishia somo la historia katika shule za msingi za vijijini mashariki mwa Kongo, na yanachukua Kilembwe kuwa mfano. Kilembwe imo katika sekta ya Lulenge, wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini. Ni mji mdogo wa bara, ulio nyuma ya milima inayolitenga Ziwa Tanganyika na nchi ya Maniema. Kwa mwanafunzi wa Kilembwe, Baraka na ziwa lake ni upande wa mawio, na Kabambare ni upande wa machweo.

Katika vyuo vya ualimu neno "zana" huchukuliwa kuwa na maana ya ramani, tufe, picha za ukutani na vitabu vya kiada. Orodha hiyo inachukulia kwamba liko duka la kuviuza vitu hivyo na iko barabara ya kuvifikisha. Pale ambapo barabara hukatika kwa mvua na ambapo vita vimewahamisha watu na shule zao zaidi ya mara moja, mwalimu hubaki na chaki, ubao na daftari lake mwenyewe, ambalo mara nyingi alilinakili yeye alipokuwa mwanafunzi. Mijadala mingi huishia hapo, kwa kulalamikia kinachokosekana. Hapa swali ni jingine: katika vitu ambavyo tayari viko Kilembwe, vipi vinaweza kubeba mzigo wa somo la historia, na kila kimoja kina hatari gani?

2.0 Lugha tatu za somo moja

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kwa desturi, mtoto wa Kivu huanza masomo kwa Kiswahili katika madarasa ya kwanza, kisha huvushwa hadi Kifaransa. Bahati mbaya ni kwamba somo la historia huanza kupata uzito wakati huohuo wa kuvushwa. Mtoto aliyeweza kusimulia, akiwa darasa la pili, jinsi babu yake alivyovuka ziwa kwa mtumbwi, anapofika darasa la tano hunakili sentensi kuhusu Mfalme Leopold wa Pili, ambazo hawezi kuzigeuza hata akiombwa na mama yake.

Zaidi ya hayo, nyumbani lugha ni Kibembe au lugha ya jirani. Hivyo historia ya mahali huhifadhiwa katika Kibembe, hujadiliwa sokoni kwa Kiswahili, na hutahiniwa kwa Kifaransa. Kutokana na hali hiyo zana ya kwanza ya mwalimu si ramani, bali ni msamiati. Mfano mmoja utatosha kulionyesha jambo hili.

Katika Fizi yote watu wazima huyapanga matukio kwa kusema "wakati wa Wabeleji", "wakati wa Mulele", "wakati wa Mobutu". Pierre Mulele aliongoza mapambano ya Kwilu, magharibi mwa nchi, kuanzia Januari 1964; hakupigana Fizi. Wapiganaji wa mashariki mwaka 1964 na 1965 walikuwa na viongozi wengine, akiwamo Gaston Soumialot. Hata hivyo jina la Mulele ndilo lililobaki, kwa kuwa wapiganaji walilitamka vitani waliposema "Mai Mulele" wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Lugha ya serikali huliita tukio hili uasi. Walioshiriki wameliita mapinduzi. Bibi anayesimulia husema tu "Mulele", na kwake neno hilo lina maana ya kulala porini na mtoto mgongoni. Mwalimu anapoandika ubaoni mojawapo ya maneno hayo matatu, tayari amekwisha kutoa hukumu, hata kama hakukusudia. Ni afadhali ayaandike yote matatu, kisha awaulize wanafunzi ni nani husema lipi. Kwa kufanya hivyo atakuwa amefundisha kazi ya mwanahistoria bila kuhitaji kitabu.

Kipindi hichohicho kina kisa kingine ambacho watoto wadogo hukishika upesi. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kundi la Wakuba kuja kuwasaidia wapiganaji wa Fizi, na akaondoka Novemba mwaka huohuo baada ya kushindwa. Wakuba hao walipewa majina ya siri kutokana na tarakimu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Mtoto anayejifunza kuhesabu hufurahi kusikia kwamba mtu mashuhuri wa dunia aliitwa Tatu katika milima ya kwao. Mwalimu asiishie katika furaha hiyo. Aulize pia kwa nini mkubwa wa kundi hakujiita Moja.

3.0 Ziwa, maandishi na picha

Zana nyingine ni ardhi yenyewe. Mwaka 1858 Burton na Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira, wakapita Ubwari, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mtoto yeyote aliyewahi kufika Baraka anajua kwamba Ubwari ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu. Somo linaweza kuanzia hapo. Wanafunzi wachore rasi hiyo mchangani kama wanavyoijua wao au ndugu zao, kisha waambiwe kosa la msafiri, na waulizwe lilitokeaje: je, mtu aliye katika mtumbwi huona nini akiwa mbali na pwani? Faida yake ni kubwa kuliko kukariri tarehe, kwani mtoto hutambua kwamba kitabu huandikwa na mtu, na mtu huyo huwa amesimama mahali fulani. Majina ya mahali nayo yafanyiwe kazi ya namna hiyo. Baraka ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Bendera, kusini zaidi, ni neno ambalo kila mtoto analitumia. Ni nani waliopita hapa na kuyaacha majina hayo, na majina ya Kibembe ya milima na mito yanaeleza nini?

Swali hilo huleta habari za misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Hapa Kiswahili kina hazina isiyotumiwa shuleni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya masimulizi yake inahusu Maniema, jirani ya Lulenge. Wanafunzi wa darasa la tano au la sita wanaweza kusomewa vipande vifupi wakavielewa, jambo lisilowezekana kwa maandishi ya Stanley. Lakini msimulizi ni mfanyabiashara anayejieleza mwenyewe. Waliofungwa minyororo hawakuandika. Bila maelezo hayo maandishi ya Tippu Tip yatawafunza watoto kumstaajabia bwana mkubwa, na huo ungekuwa upotoshaji.

Kuhusu picha, mfano bora unatoka Katanga. Mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha za historia ya nchi yake na kuzieleza kwa Kiswahili cha mjini mbele ya Johannes Fabian, ambaye alizichapisha mwaka 1996 zikiwa 101. Kitabu hicho hakitafika Kilembwe, na si lazima kifike. Kinachoweza kufika ni utaratibu wake: picha moja kwa tukio moja, maneno machache yanayoandikwa ndani ya picha, na mchoraji anayesimama na kueleza alichokichora. Kipande cha gunia lililokatwa, mkaa na udongo wa rangi vinatosha. Kabla ya hapo, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi yale hayakufuata sarufi ya vitabuni, lakini ni ushahidi kwamba historia ya Kongo ilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili na watu wasio wasomi.

4.0 Mzee katika lubunga

Zana inayosifiwa kuliko zote ni mzee. Miongoni mwa Wabembe, lubunga, yaani kibanda cha wanaume cha mazungumzo, palikuwa mahali pa kutajiana nasaba, kuamua mashauri na kuwafunza vijana. Ni rahisi kusema: mwalimu amwalike mzee darasani. Ushauri huo hutolewa mno na watu ambao hawajawahi kuujaribu.

Kwanza, lubunga ni mahali pa wanaume. Nasaba inayosimuliwa pale ni ya ukoo wa baba, na mambo yanayokumbukwa na wanawake, yaani njaa, mbegu, njia za kukimbilia na watoto waliozaliwa safarini, hayasikiki. Mwalimu atakayemsikiliza mzee peke yake atapata nusu ya habari.

Pili, na hili ndilo zito, nasaba ni hoja ya ardhi. Katika Fizi swali "nani alitangulia kufika?" si swali la darasani tu. Limewagawanya Wabembe, Wabuyu, Wafuliru, Wanyamulenge na wengineo, na limetumiwa kuhalalisha mauaji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inaeleza mauaji ya raia wa Kinyamulenge katika pwani ya Fizi mwaka 1996, na pia mauaji ya raia, wengi wao Wabembe, huko Makobola kati ya Desemba 1998 na Januari 1999. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kupewa kurasa zile. Mwalimu wake, kwa upande mwingine, hana budi kuzijua zote mbili, kwani aliyesoma habari za wafu wa upande mmoja tu ataifanya historia kuwa silaha, hata akiwa mtu mwema.

Je, basi mwalimu alikwepe swali la asili? Kulikwepa hakufai, watoto watalijibu wenyewe njiani kwa maneno waliyoyasikia kwa wakubwa. Linaloweza kufanywa ni kuanza na maswali ambayo majibu yake yanahitaji pande mbili: chumvi, samaki na majembe vilitoka wapi na vilibadilishwa kwa kitu gani? Bibi aliolewa kutoka wapi? Waliokimbilia Tanzania mwaka 1996 na 1998, wakaishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, walijifunza nini kule na walirudi na nini? Maswali haya hayafuti mgogoro. Humwonyesha mtoto kwamba ukoo wake haukuwahi kuishi peke yake, jambo ambalo masimulizi ya kutangulia huwa hayalisemi.

5.0 Kamba ya miaka na kitini cha darasa

Masimulizi yakikusanywa bila mpango wa wakati hugeuka kuwa hadithi. Kwa hiyo kila darasa litengeneze kamba ya miaka. Mafundo kumi na matano, kila nafasi kati ya fundo na fundo ikiwa miaka kumi, yanatosha kutoka 1880, mwaka ambao Mapadri Weupe walifika pwani ya Masanze, hadi 2020. Alama nyekundu iwekwe kwenye fundo la 1960, mwaka wa uhuru. Mwanafunzi anayesema "bibi yangu alizaliwa wakati wa Mulele" ataweka karatasi yake karibu na katikati ya fundo la 1960 na la 1970. Anayesema hivyo kuhusu mtu aliyekwisha kuwa na wajukuu wakati huo atagundua mwenyewe kwamba kuna kosa la hesabu au kuna watu wawili wenye jina moja. Majina ya watu nayo yasidharauliwe: Safari, Amani na Mapendo ni majina ya kawaida mashariki mwa Kongo, na huenda mzazi aliyemwita mwanawe Safari akawa na habari ya kueleza.

Kutokana na kazi hiyo mwalimu hupata kitini, na hapo wataalamu wa Kiswahili wanahusika moja kwa moja. Ushuhuda uandikwe kwa Kiswahili gani? Msimulizi wa Kilembwe atasema "bitu" na "kuya", naye mwalimu aliyefunzwa usanifu atataka kusahihisha. Njia inayofaa ni kuyaacha maneno ya msimulizi yalivyotamkwa, na kuandika maelezo ya mwalimu kwa Kiswahili sanifu. Ushuhuda uliosanifiwa hupoteza dalili za mahali na umri wa msimulizi, na dalili hizo ni sehemu ya ushahidi. Isitoshe, mtoto akiona maneno ya nyanya yake yamechapwa bila kusahihishwa hataona aibu kuyapeleka shuleni mengine. Mwishoni mwa kitini paongezwe ukurasa mmoja wa maneno ya Kifaransa yatakayohitajika katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kuuacha ukurasa huo kwa sababu ya mapenzi ya lugha ni kumwadhibu mwanafunzi.

Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwezi Septemba 2019, madarasa yamejaa, na kitini kimoja hakiwezi kupita mikononi mwa wanafunzi wote. Kisomwe kwa sauti, na kila kundi la watoto watano au sita linakili kipande kimoja. Nakala mbili za mwalimu zihifadhiwe mahali tofauti: moja katika sanduku la bati ofisini kwa mkuu wa shule, mbali na mchwa, na ya pili nje ya Kilembwe, Baraka au Bukavu, kwa mtu atakayejua ni ya shule ipi siku ambayo walimu watalazimika kuondoka tena bila kubeba kitu.