Barkodi Yako Inagoma Kwa Kaunta? Cheki Hizi Ishara Kabla Uchapishe Lebo 1,000

Sema uko na hasla ya asali. Umepata namba yako GS1 Kenya, ile inaanza na 616, ukaenda tao ukachapishiwa lebo 1,000. Supa imekubali kukujaribu. Siku ya kwanza keshia anapitisha chupa yako, kimya. Anaigeuza, kimya. Anaipangusa na mkono wa sweta, bado kimya. Watu kwa laini washaanza kunung'unika, kastoma naye anaiacha hapo anachukua asali ingine.

Hapo si asali yako imekataliwa, bana. Ni wino.

Poa ni kwamba barkodi mbaya huacha ishara, na nyingi unaziona na macho yako tu.

Kwanza jua skana inafanya nini. Haisomi zile namba 13 ziko chini. Inamulika mwanga, mara nyingi mwekundu, halafu inapima ni wapi mwanga unarudi na ni wapi unamezwa. Nyeupe inarudisha, nyeusi inameza. Upana wa mistari na nafasi zake ndio namba yenyewe. Kitu yoyote ikivuruga huo upana, ama ikipunguza tofauti ya rangi, umeangushwa.

Rangi zinapendeza lakini skana haioni. Ukichapa mistari mekundu juu ya karatasi nyeupe, wewe unaona fiti. Skana ya mwanga mwekundu inaona karatasi tupu, juu wekundu unarudisha huo mwanga vile nyeupe inarudisha. Rangi ya machungwa na kahawia pia ni hatari. Kaa na nyeusi juu ya nyeupe. Na kama stika yako ni ya kuonyesha ndani, asali iliyokolea itakuwa giza nyuma ya mistari. Weka kiboksi cheupe hapo.

Umebana pembeni. Kushoto na kulia kwa mistari lazima kuwe na nafasi tupu. Ndiyo huambia skana, "naanza hapa, naishia hapa." Kwa saizi ya kawaida ni karibu milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia. Dizaina akiingiza logo, fremu ama maandishi hapo, barkodi inaweza kukataa kusomeka hata kama mistari yenyewe iko safi.

Umeifinya sana. Saizi ya kawaida ina upana wa milimita 37 hivi, ukihesabu hizo nafasi za pembeni. Unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80, yaani karibu sentimita 3. Chini ya hapo unajitafutia. Na usivute picha uliyotumiwa kwa WhatsApp ati uikuze ama uipunguze, kingo zitakuwa na ukungu. Itisha faili ya vekta.

Wino umetambaa. Cheki nafasi nyembamba kati ya mistari. Kama zimejaa ama kingo zina manyoya, wino ni mwingi ama karatasi inafyonza. Mistari imenona, nafasi zimekonda, upana wote umeharibika.

Kuna mstari mweupe umepita kwa kila lebo. Hii ni ya printa ya joto. Kichwa chake kina vidoti vidogo vinavyopata moto. Kimoja kikiwa na uchafu ama kimeungua, kinaacha mstari mweupe mahali palepale kila lebo. Zima printa, iache ipoe, safisha kichwa na spiriti ya kusafishia. Ikirudi palepale, kichwa kinahitaji kubadilishwa. Kama mstari umekaa mshazari, shuku riboni imejikunja.

Chupa ni nyembamba. Mistari ikisimama, inazunguka chupa na ile ya mwisho inajificha nyuma. Geuza barkodi ilale, mistari ikae kama ngazi, ndio skana iione yote.

Sasa usijidanganye ati simu yako imesoma, mambo iko sawa. Kamera ya simu huchukua picha ya rangi na ina subira. Keshia hana. Kuna mashine spesheli ya kupima barkodi, inapeana gredi kutoka A hadi F, na kwa maduka wengi huitisha angalau C. Kama huifikii, chapa lebo chache tu, zibandike kwa chupa zenye asali ndani, uende duka lenye skana uombe wakupitishie mara kumi. Ikigoma hata mara mbili, rudi kwa dizaina.

Kurekebisha lebo moja ni kazi ya dakika chache. Kubandua 1,000 zikiwa tayari kwa chupa, hiyo ni wikendi yako na doo yako zimeenda.